Usiniambie Ni Uzee Tu

Ndugu zangu, liko neno ninalolisikia kila penye mgonjwa, na leo nasimama kulikataa. Mama amepimwa, mashine imesoma 170 kwa 95, na mwanawe anamliwaza: "Ni umri tu, mama." Si umri tu! Neno hilo limelaza watu wetu kwa kiharusi, limewafikisha wengine kwenye mashine za kusafisha damu, na bado tunapeana kama faraja.

Zamani hata madaktari walihesabu hivi: 100, jumlisha miaka yako. Mwenye miaka 70 akisoma 170, aliambiwa aende kwa amani. Hesabu hiyo ilishatupwa. Acheni kuiokota! Mtu mzima, awe na miaka 25 au 75, akisoma 140 kwa 90 au zaidi kila apimwapo, ana presha. Mtoto ana vipimo vyake, vya chini zaidi, kwa umri na kimo. Mzee dhaifu daktari anaweza kumlegezea kidogo, asije akasimama akaanguka. Lakini hilo aliamue daktari, si jirani.

Ni kweli, mishipa hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, kama mpira wa maji uliokaa juani, na namba ya juu hupanda. Lakini sikilizeni. Mwaka 1929 daktari Donnison aliandika habari za hospitali ya Kavirondo Kusini, Kenya: wagonjwa wapatao 1,800 katika miaka miwili, na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda! Wenyeji waliopita miaka 40, presha yao ilielekea kushuka. Wazee wetu walizeeka, ndugu zangu, na presha hawakuwa nayo. Kisha mwaka 1990 zikachapishwa habari za Waluo waliotoka kijijini kwenda Nairobi: presha ilipanda ndani ya miezi tu, na mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi. Miezi! Nani anazeeka kwa miezi?

Basi tazama mkono wako mezani. Chipsi zimeletwa, hujaonja hata moja, na kopo la chumvi limeshapinduliwa. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, yaani haijai kijiko cha chai, pamoja na iliyojificha ndani ya mkate.

Nendeni mkapimwe, nanyi vijana, maana presha haiumi. Keti kwanza dakika tano, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, na usiongee mkanda unapobana. Mjamzito, kichwa kikikugonga, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na wewe uliyeacha vidonge kwa sababu presha imeshuka: vidonge ndivyo vilivyoishusha. Rudi kesho asubuhi ukavichukue.