Mbwa hachagui nyumba

Hapa Nkwenda, mtu akitafuta mtoto wa mbwa, swali lake la kwanza ni: "Atakuwa mkali?" Mimi naona tunaanzia pabaya. Ukali mwingi tunautengeneza wenyewe, kwa mnyororo mfupi na njaa. Kabla ya kuchagua, tujiulize: nani atamlisha sisi tukishinda shambani kuchuma kahawa? Nani atampeleka kwa bwana mifugo akachanjwe kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3? Ugonjwa huo, dalili zikishaanza, karibu kila mara unaua, na wanaong'atwa sana ni watoto. Sisi tunamchagua mbwa. Yeye hachagui nyumba. Ndiyo maana deni lote liko kwetu. Asiye na majibu, jamani, aache kwanza banda likae tupu.