Jiwe Chini ya Mizizi

Huko Japani iko kazi ya kale ya kuotesha miti midogo katika vyungu, nayo huitwa bonsai. Mti ambao ungeweza kuipita nyumba kwa urefu hukatwa matawi na mizizi kwa kiasi, hata ukaishi miaka mingi na kimo chake hakimpiti mtoto. Huko Omiya, kaskazini ya Tokyo, kiko kijiji cha watunzaji wa miti hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1925 na watu waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la nchi la mwaka 1923.

Namna moja ya kazi hiyo huitwa sekijoju, maana yake mti juu ya jiwe. Mtunzaji huiosha mizizi ya mche, huitandaza juu ya jiwe ili ishuke katika nyufa zake, kisha huifunga kwa nyuzi. Halafu jiwe na mizizi huzikwa udongoni miaka kadhaa. Baadaye udongo huondolewa kidogo kidogo toka juu, na mizizi huonekana imelikumbatia jiwe kama vidole vya mkono. Aina ya mti uitwao kaede, iliyotoka China, hupendwa sana kwa kazi hii, kwa kuwa mizizi yake hunenepa upesi.

Lakini jiwe lifaalo ni adimu, maana lapasa kuwa gumu, lenye nyufa na uso wa kukwaruza. Kwa hiyo wengine hujifanyizia jiwe kwa saruji na mchanga, wakilitia nyufa kabla halijakauka. Ndipo lizukapo swali: je, jiwe la namna hii si uongo? Mti huo hutaka kutuonyesha mambo ya mlimani, na jiwe lenyewe halikuuona mlima kamwe.

Swali hili si la kudharauliwa. Walakini tukilikataa jiwe kwa kuwa ni kazi ya mikono, itatupasa kuvikataa na chungu, na nyuzi, na makasi. Kila atazamaye ajua ya kuwa mkono wa mtu umepita hapo. Bali muuzaji akisema, "Jiwe hili nimelitoa mlimani," basi uongo u katika ulimi wake.

Tena uko uongo ulio mbaya zaidi, nao waweza kukaa hata katika jiwe la mlimani: ni jiwe lionekanalo imara, kumbe ndani ni bovu. Lililo laini huliwa na maji, na baridi igandishayo maji hulipasua. La saruji nalo, lisipolowekwa na kuoshwa majuma mengi, chokaa yake huidhuru mizizi. Aliyelichagua aweza kwenda kutafuta jingine, mti hauwezi. Mizizi imekwisha kuwa migumu kwa umbo la jiwe lile, na ukiibandua waivunja.

Basi, kabla ya kuuliza jiwe limetoka wapi, tuulize kama litadumu. Mche hauulizwi shauri. Hufungwa ungali mwororo. Yeyote amfungaye asiyeweza kujichagulia, uwe mti, awe mtoto au mwanafunzi, adaiwa kulipiga jiwe nyundo na kulisikiliza, kabla hajakaza uzi wa kwanza. Maana hasara ya kosa lake itachukuliwa na mwingine.