Je, kumlisha mgonjwa ni upendo daima?



Swali ninalotaka kulitazama pamoja nanyi leo halikutoka katika kitabu. Limetoka mezani. Nalo ni hili: mtu mwenye ugonjwa wa sukari, ule unaoitwa diabete, akikaa kula kwa ndugu yake na kukataa sehemu ya chakula anachopewa, je, anafanya dharau? Na yule anayemshurutisha ale, je, anafanya upendo?

Niwaeleze kwanza namna swali hili lilivyonijia. Miaka michache iliyopita tulikuwa na sikukuu ya ubatizo katika jumuiya yetu, hapa Katanga. Kati ya wageni alikuwamo baba mmoja mzee, mtu wa sala na wa heshima. Hospitalini walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba sukari imezidi katika damu yake, apunguze bukari, aache vinywaji vitamu. Mama wa nyumba akamwekea bukari ya kutosha vijana wawili. Yule baba akasema kwa upole: «Mama, kidogo inanitosha. Uniongezee sombe.» Mama akanyamaza, uso wake ukabadilika. Basi mimi, katekista, niliyekaa karibu naye, nikasema mbele ya wote: «Baba, usituaibishe. Leo ni sikukuu. Siku moja haiui mtu.» Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akala yote, akanywa na munkoyo uliotiwa sukari.

Siku ile haikumwua, ni kweli. Lakini jumuiya ina nyumba nyingi, na kila nyumba ina siku yake moja: ubatizo, arusi, Komunyo ya kwanza, kilio. Kila mahali alikuwako mtu wa kumwambia maneno kama yangu. Mwaka uliofuata kidonda kidogo cha mguu kilikataa kupona, wakamkata mguu. Nilipokwenda kumtazama hakunilaumu. Aliniuliza tu habari za wakatekumeni wangu. Ndugu, jambo hilo lilinichoma kuliko lawama.

Tuangalie kwanza ugonjwa wenyewe, kwa maana hatuwezi kuhukumu vema jambo tusilolijua. Bukari ya mahindi au ya muhogo, wali, mkate, viazi, ndizi za kupika, vyote hivi havina utamu mwingi mdomoni, lakini tumboni hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kwa mtu mwenye afya, kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, nayo huisaidia sukari kutoka katika damu na kuwa nguvu ya mwili. Kuna wagonjwa ambao insulini yao imekwisha, na mara nyingi ugonjwa wao huanza utotoni au ujanani. Hao hawana budi kupata insulini kila siku, wala hakuna chakula au majani ya dawa yanayoweza kushika nafasi yake. Wengine, nao ndio wengi zaidi, insulini yao haitoshi, au mwili hauitii tena vema. Hao husaidiwa sana na chakula cha kiasi, kutembea, na dawa wanazopewa na mganga.

Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, huharibu polepole macho, figo, mishipa na miguu. Wazee husema: «Mla ni mla leo, mla jana kala nini?» Damu haikubali methali hii. Kuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kupimwa, lakini damu itasema yote. Kwa hiyo, mwenye kiu isiyokwisha, mwenye kukojoa mara nyingi, mwenye kukonda bila sababu, asikae nyumbani. Aende apimwe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtakatifu Tomasi wa Akwino huhesabu kiasi kati ya fadhila nne kuu, na anafundisha kwamba kanuni ya kiasi ni mahitaji ya maisha haya. Kabla yake Aristoteli Mgiriki alitoa mfano wa Milo mcheza mieleka: chakula kinachomfaa Milo ni kingi mno kwa mtu anayeanza tu mazoezi. Basi sahani ya kiasi si moja kwa watu wote. Yule baba alipoomba bukari kidogo, hakuwa na dharau. Alikuwa anatenda fadhila, nami nilimcheka.

Pengine utasema: «Desturi ya wazee wetu yataka mgeni ale ashibe.» Ni desturi njema, nami naipenda. Lakini ilianzishwa kwa sababu gani? Ili mgeni aliyechoka apate uzima nyumbani kwetu. Tukimpa mgeni kinachompunguzia uzima, tumeshika ganda la desturi na kuitupa mbegu yake.

Mwingine atasema: «Kujichunga hivi ni kuupenda mwili mno. Mungu ndiye mwenye kuponya.» Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, na yatupasa kuzitunza kwa busara. Inakataza pia kuufanya mwili kuwa mungu. Hayo mawili hayapingani. Tena Mungu huponya kwa mikono ya watu. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, Frederick Banting na Charles Best walianza kazi iliyoleta insulini. Mwaka 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa wa kwanza kupewa dawa ile, akapata nguvu tena. Na mwaka 1923 wenye haki ya dawa ile waliiachia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Anayemwambia mgonjwa aache insulini kwa kuwa ameombewa, hamjengi katika imani. Anamjaribu Mungu kwa uhai wa mtu mwingine.

Wa tatu atauliza habari ya Kwarezima. Mama Kanisa hamlazimishi mgonjwa kufunga kwa kujidhuru. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo, wazee na wagonjwa hawafungwi nayo. Anayetumia insulini, akikaa bila chakula, aweza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na kuzimia, kwa sababu sukari imepungua mno. Hapo, akiwa bado anaweza kumeza, mpeni upesi maji yenye sukari. Akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Mgonjwa akitaka kujinyima, ana kufunga kwake kwa mwaka mzima: kuacha sehemu ya sahani anayoipenda, bila kunung'unika.

Neno la nne ndilo gumu kuliko yote: «Mimi maskini. Nyumbani kuna bukari tu.» Waganga hufundisha hivi: nusu ya sahani iwe mboga, kama sombe au lengalenga, robo iwe bukari, robo iwe samaki au maharagi. Lakini yule asiye na samaki wala maharagi afanye nini? Huyo hana dhambi. Hakuna anayefungwa na lisilowezekana. Lakini hapo wajibu hauishi, unahamia kwetu. Mwenye bustani ya mboga, jirani wa mgonjwa, ajiulize. Jumuiya inayopata franka za kununua vinywaji vya sikukuu, ijiulize kama haiwezi kupata kikombe cha maharagi kwa mgonjwa wake.

Na mimi je? Nilikuwa na kosa? Wanafunzi wa moral hutofautisha ujinga ambao mtu hakuweza kuuondoa na ule aliouacha kwa uvivu. Sikujua kwamba mguu ungekatwa. Lakini nilijua kwamba yule baba ni mgonjwa, nami sikuuliza. Nilipenda sikukuu yetu iwe nzuri kuliko nilivyompenda yeye. Kosa hilo nimeliungama, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Basi, wapendwa, mgeni wenu akisema «kidogo inanitosha», mwaminini. Msimwulize mara mbili, msimtazame kwa jicho la uchungu. Mpeni mboga kwa wingi, na maji safi, na mahali pazuri pa kukaa. Yule baba huja bado kwenye jumuiya, kwa magongo yake. Mama wa nyumba ile humwekea sombe kwanza, kisha humwuliza: «Baba, bukari nikupimie kiasi gani?» Naye huonyesha kwa mkono, na sisi sote tunakula kwa furaha.