Sifa za Mtenda Wema

Tenda wema wende zako, walinena wahenga, usingoje shukrani. Kwa miaka mingi nimeisoma methali hii katika insha za wanachuo, na sikumbuki hata mmoja aliyeuliza: je, mtenda wema akienda zake, sisi tuliobaki tumekatazwa kumshukuru?

Swali hili hunijia nikikumbuka kipindi cha televisheni cha Oprah Winfrey, kilichorushwa kutoka Chicago kote Marekani tangu 1986 hadi 2011. Kilikuwa kipindi cha mchana, na mara kwa mara kiliwaalika wanawake waliosaidia wengine. Habari zao zikasimuliwa, wakapigiwa makofi. Kuanzia 2000 ilikuwapo hata tuzo ya dola 100,000 kwa watu wa namna hiyo, wake kwa waume, waendeleze kazi zao. Wapo wasemao kwamba wema uliopigiwa makofi umekwisha kulipwa. Hoja hiyo hainisumbui. Mtu wa kulea yatima miaka 20 kwa tamaa ya makofi ya dakika 10, mimi sijamwona.

Linalonisumbua ni jingine. Ili mfadhili asifiwe, sharti aliyefadhiliwa aonyeshwe.

Chuoni petu alikuwapo mama mpishi aliyewanunulia viatu wanachuo waliofika mikono mitupu. Mahafali yalipokaribia, kamati ilitaka apewe cheti, na vijana wale wapande jukwaani kumshukuru. Akanijia ofisini. "Mkuu, cheti nitapokea. Lakini watoto hao wakisimamishwa mbele ya wazazi wa wenzao, nitakuwa nimewavua vile viatu." Akapokea cheti chake peke yake, na wageni wakadhani ni kwa ajili ya mapishi. (Kusema kweli, kwa mapishi asingekipata.)

Ningeishia hapo, kama si habari za Catherine Hamlin. Daktari huyu wa Australia alifika Ethiopia mwaka 1959 pamoja na mumewe Reginald, daktari pia, na mwaka 1974 wakafungua mjini Addis Ababa hospitali ya wanawake wenye fistula. Maradhi haya huletwa na uchungu wa uzazi uliodumu siku kadhaa bila msaada. Mara nyingi mtoto hufa, na mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana, akikimbiwa na mume na majirani. Mwaka 2004, akiwa na umri wa karibu miaka 80, Hamlin aliketi katika kipindi kile, na Wamarekani wasiopata kulisikia jina la ugonjwa huo wakachangia.

Hapa hoja ya mpishi wetu inakwama. Viatu vikifichwa vinabaki viatu. Fistula ikifichwa, mgonjwa huzeeka kibandani, kwa kuwa hajui kwamba hushonwa ikapona, wala jirani hajui kwamba si laana. Aibu ndiyo iliyomfungia humo, na mtu fulani hana budi kuitamka kwa sauti.

Lakini nani aliyemwuliza mgonjwa? Aliyeponywa jana atamkatalia nini daktari wake? Wanawake waliopona katika hospitali ile hupewa gauni jipya siku ya kuondoka. Ningekuwa mimi mwandaaji wa kipindi, ningemfuata mgonjwa kwao, miezi kadhaa baadaye, gauni lile limekwisha kufuliwa mara nyingi, nikamwuliza wakati daktari hayupo.