Je, Uzee wa Chombo ni Kosa Lake?

Jokofu la zamani likiacha kutia baridi, wako wasemao upesi, "Limezeeka, litupwe." Wengine hujibu, "Limetutumikia miaka mingi, haifai kuliacha." Na tuyapime maneno haya mawili, maana yote mawili yamehukumu kabla ya kuchunguza.

Tulitazame jokofu la mafuta ya taa. Asili yake ni kazi ya Baltzar von Platen na Carl Munters, walioibuni mjini Stockholm, nchi ya Uswidi, mwaka 1922. Ndani yake hamna mashine izungukayo. Moto mdogo huchemsha maji yaliyochanganyika na amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kuwa kioevu, kisha hugeuka mvuke tena na kuchukua joto la vyakula. Basi kazi yake yote hutegemea mambo mawili: moto safi, na kusimama sawasawa.

Kwa hiyo likidhoofika, pengine kosa si la uzee. Huenda utambi umeungua upande mmoja, au dohani imejaa masizi, au sakafu imeinama. Lizime, lipoe, kata utambi, sugua dohani, weka pimamaji juu yake. Kisha bana karatasi mlangoni: ikivutika bila kushikwa, mpira umechakaa. Je, asiyejaribu hayo akalitupa, amelidhulumu? La, chombo hakidhulumiwi; amewadhulumu jamaa zake, kwa kutoa fedha nyingi palipotosha mkasi na brashi.

Lakini uaminifu nao una mpaka. Huko Marekani majokofu ya gesi ya Servel, yaliyotengenezwa kati ya 1933 na 1957, yamewaua watu walioendelea kuyatumia miaka mingi baadaye. Kwa sababu moto usiowaka vizuri hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Tena amonia ikivuja, huchoma macho na kifua. Hapo toa watu nje, wala usijaribu kuziba bomba mwenyewe, maana mle mna nguvu kubwa iliyofungwa.

Basi, anayetudai wema si chombo, bali ni watu walalao karibu nacho. Kwa ajili yao twakitunza. Na kwa ajili yao hao hao, siku ikifika, twakiacha. Mwenye haki ni yule achunguzaye kwanza, ndipo aamue.