Uzio na Ridhaa

Tarehe 5 Novemba 2020, siku amri ya kubaki nyumbani ilipoanza upya England, uzio wa chuma ulizungushwa kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Manchester huko Fallowfield. Jioni wanafunzi waliuangusha. Je, walitetea uhuru au walipuuza uhai wa wengine?

Kijana aendaye karamuni hujihatarisha kwa hiari yake. Mfanya usafi wa bweni, dereva wa basi na bibi atakayekumbatiwa wakati wa likizo hawakuulizwa. Kwa kuwa UVIKO-19 uliweza kuenezwa na mtu asiye na dalili, aliyejiona mzima hakuwa na haki ya kuwaamulia.

Lakini ridhaa ina upande wa pili. Waliowaita vijana mabwenini na kupokea kodi zao nao walipaswa kushauriana nao kabla ya kuwazungushia chuma. Asiyeshauriwa huiona amri kuwa adhabu, naye hutafuta upenyo.

Udugu ni kufaana. Chakula kilichoachwa mlangoni mwa mgonjwa, au matembezi ya wawili uwanjani, navyo ni urafiki. Kujizuia kwa ajili ya mwingine ni tendo la mtu huru. Uzio humnyang'anya heshima ya kulitenda.