Ruhusa ya Mama

Mwaka 1914 Peter Kollwitz wa Berlin alikuwa na miaka 18, akataka kwenda vitani kwa hiari. Kwa umri huo alihitaji ruhusa ya baba, na baba, daktari aliyetibu maskini, alikataa. Aliyemshawishi baba akubali ni mama, Käthe Kollwitz, mchoraji. Oktoba ya mwaka huohuo kijana aliuawa Ubelgiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mama alitoa picha saba zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa kwa wino mweusi, akaziita Vita. Hamna bunduki ndani yake wala uwanja wa mapigano. Katika ya kwanza mwanamke amemwinua mtoto mchanga, anamtoa sadaka. Katika ya pili vijana wanakifuata Kifo kinachopiga ngoma, na aliye karibu kabisa na ngoma ni Peter. Katika ya tatu wazazi wamepiga magoti, wameinamiana hata huwezi kutenganisha mwili wa baba na wa mama.

Goya alichora watu wa Madrid wakipigwa risasi, Picasso akachora mji wa Guernica ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1937. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyesimulia kwa Kiswahili picha zake za historia ya Zaire, alimchora Lumumba na kifo chake. Hao tunawaelewa upesi, maana kila mtu hujihesabu upande wa waliodhulumiwa. Kollwitz ndiye anayetugeukia wazazi.

Wazazi hao tuko hata kwetu Kenya. Nyansiongo, nyumbani, iko Borabu, nchi ya chai, kwenye mashamba ya walowezi ambayo Wakisii waligawiwa wakati wa uhuru. Ng'ambo ya mpaka ni Sotik, kwa Wakipsigis. Mapigano ya mpakani yalizuka mwaka 1992, na tena mapema 2008, soko la Chepilat likachomwa. Kwa desturi yetu wavulana hutahiriwa mwishoni mwa mwaka. Waliotoka jandoni Desemba ya 2007, wengi wao wakiwa bado watoto wa shule ya msingi, waliukuta uanaume waliokabidhiwa umeshika upinde na mishale. Ruhusa ya kwetu haitiwi sahihi. Hutolewa jioni chakula kikisubiriwa, baba anapowataja majirani kwa jina la dharau na mama akacheka. Hutolewa na mjomba anayesimulia ya 1992 kana kwamba sisi tulikuwa wa kuchomewa tu. (Kila ukoo una mjomba huyo, na kwa kawaida ndiye msimulizi hodari kuliko wote.)

Sikubaliani na wanaosema watoto wasionyeshwe ubaya wa vita. Simu imekwisha kuwaonyesha maiti, tena bila mtu mzima kando yao. Mimi ningeanza na picha nyingine ya Kollwitz, ya 1942: mama mzee amewakumbatia wavulana watatu chini ya mikono yake, nao wanachungulia, wanatamani kutoka. Mwaka huohuo mjukuu wa Kollwitz, naye akiitwa Peter, aliuawa vitani Urusi.

Mtoto wa kwetu akiitazama picha hiyo vizuri atauliza nani alichoma Chepilat. Aambiwe kwamba nyumba ziliungua pande zote mbili, hata kama jibu hilo litamkera babu. Kisha atauliza baba yake alikuwa wapi siku zile, na hapo baba ajibu mwenyewe.